Pesa zilizorudishwa: kanisa ni la nani, na ni la kazi gani?

Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, jijini Nairobi. Hakwenda mikono mitupu. Alitoa shilingi 600,000 kwa vikundi vya parokia, kwaya ikiwemo, na shilingi milioni 2 za kujengea nyumba ya padre. Aliahidi milioni 3 nyingine, na basi. Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, naye akaongeza shilingi 200,000.

Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatoa taarifa ambayo wengi hawakuitarajia. Pesa zirudishwe kwa waliozitoa. Milioni 3 na basi lililoahidiwa visipokelewe. Kanisa, alieleza, halifai kutumiwa na wanasiasa kujijenga kwa jina la michango, na ni lazima libaki huru.

Kila tunapoligusa jambo hili hewani, simu huwa haziishi. Wapo wanaompongeza askofu. Wapo pia wanaouliza swali ambalo si rahisi kulijibu: yeye ana kanisa kuu la mawe katikati ya jiji, je, angekuwa na kanisa la mabati yanayovuja kama letu, angerudisha?

Swali hilo ndilo lililotufanya tuketi tuandike makala haya. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Wakenya wapatao 85 katika kila 100 walijiandikisha kuwa Wakristo. Hakuna chama cha siasa, chama cha ushirika wala shirika lolote nchini linalokusanya watu wengi kiasi hicho kila wiki, tena bila kuwalipa nauli. Kwa hiyo tunapouliza pesa za nani zinajenga kanisa, tunauliza pia kanisa lenyewe linajengwa kwa kazi gani.

Mkono wa harambee

Wengi wetu tulikulia kwenye harambee. Tangu uhuru, mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta alipolifanya neno hilo kuwa wito wa taifa, vijiji vimejenga shule, zahanati na makanisa kwa kuchangishana. Kuku alipigwa mnada, ndizi zikapigwa mnada, na mtu asiye na pesa alileta mchanga au siku mbili za kazi. Hapo mwanzo mgeni wa heshima alikuwa wa kuongezea tu. Kazi ilikuwa ya wenyeji.

Kadiri miaka ilivyokwenda, mambo yakageuka. Mgeni wa heshima ndiye akawa harambee yenyewe. Asipofika, siku inaahirishwa. Ndiyo maana sheria ilibidi iingilie: Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 inamzuia afisa wa umma kutumia ofisi yake kuchangisha pesa. Na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana kuhusu Mswada wa Fedha, Rais Ruto mwenyewe alitangaza kwamba maafisa wa serikali wakome kushiriki harambee. Miezi minne baadaye ndipo ikaja Jumapili ya Soweto.

Vijana hao wa 2024 hawakulisahau kanisa. Kabla ya siku ile ya tarehe 25 Juni walipoingia Bungeni, tayari walikuwa wameanza kuwakaripia viongozi wa dini mitandaoni, na baadhi wakaenda hadi ndani ya ibada, wakidai wanasiasa wasipewe tena kipaza sauti kanisani. Wazee wengi walikasirika. Kupiga kelele mahali patakatifu! Lakini walichokuwa wakisema hakikuwa kigeni. Miaka mitatu nyuma, Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alikuwa amesema hivyo hivyo akiwa Butere mbele ya wanasiasa: karibuni msali kama wengine, ila mimbari ni ya wahudumu wa kanisa. Maaskofu Wakatoliki na Wapresbiteri nao walitoa msimamo kama huo mwezi ule ule. Uchaguzi wa 2022 ulipopita, katika makanisa mengi tamko lile likabaki kwenye karatasi.

Halafu tarehe 2 Machi 2025, Rais akaenda Jesus Winner Ministry, Roysambu, akatoa shilingi milioni 20. Jumapili iliyofuata vijana walitaka kuandamana hadi kanisani hapo, polisi wakawatawanya kwa vitoa machozi. Kanisa lile halikurudisha pesa.

Tusisahau tulikotoka

Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 anaweza kudhani makanisa ya Kenya yalikuwa hivi siku zote. Sivyo. Mwaka 1986 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipoleta upigaji kura wa mlolongo, yaani watu kupanga foleni nyuma ya mgombea mbele ya macho ya wote, Baraza la Makanisa, NCCK, lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kukataa. Hoja yao ilikuwa ya kichungaji kabisa. Mchungaji akisimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja, muumini anayemuunga mkono mwingine atakujaje kwake usiku akiwa na shida?

Siku ya kwanza ya mwaka 1990, Mchungaji Timothy Njoya wa PCEA alihubiri akiuliza kama utawala wa chama kimoja utadumu, wakati serikali za namna hiyo zilikuwa zinaanguka huko Ulaya Mashariki. Alishambuliwa kwa maneno na viongozi wa chama. Agosti mwaka huo huo, waziri mmoja alimwonya Askofu Alexander Muge wa Eldoret kwamba akikanyaga Busia hatarudi akiwa hai. Muge alikwenda. Tarehe 14 Agosti, akiwa njiani kurudi, gari lake liligongana na lori, akafa. Watu wa makamo huko bonde la ufa na magharibi bado wanaisimulia siku hiyo.

Watu hao hawakuwa malaika, na makanisa mengine enzi hizo yalikuwa upande wa serikali waziwazi. Tunachotaka msomaji akione ni kitu kimoja. Mchungaji aliyesema, alisema kwa sababu hakuwa na deni kwa mtu aliyekuwa akimsema.

Mwaka 2007 tulilipia upande wa pili. Katika kampeni za mwaka ule, viongozi wengi wa makanisa walifuata makabila yao. Wengine waliwaombea wagombea hadharani na kuwatabiria ushindi. Vurugu zilipozuka, hakukuwa na mtu wa kanisa ambaye pande zote mbili zingemsikiliza. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Februari mwaka huo NCCK ikakiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea upande, na ndiyo sababu walishindwa kulisaidia taifa.

Mabati yanavuja kweli

Sasa turudi kwa yule anayeuliza kuhusu mabati. Tusimjibu kwa kiburi. Makanisa mengi ya vijijini yana waumini 60 au 80, wengi wao wazee, akina mama na watoto. Sadaka ya Jumapili ikihesabiwa inakuwa shilingi elfu mbili na kitu, na katika hiyo kuna mgao wa kupeleka juu kwenye parokia au dayosisi. Mchungaji ana watoto shuleni. Pikipiki inahitaji mafuta. Msingi ulichimbwa mwaka wa juzi, sasa nyasi zimeota ndani ya mtaro. Mbunge akipita na shilingi laki tatu, ni mzee gani wa kanisa atakayesimama aseme hapana?

Tena wengine wanasema, na wana hoja, kwamba pesa hizo ni kodi yetu. Zimechukuliwa kwetu, acha zirudi. Pesa haina dhambi.

Ila tukiitazama hoja hiyo vizuri inaanguka yenyewe. Kama ni kodi yetu, basi ingerudi kama barabara, dawa hospitalini na walimu, na isingehitaji kushangiliwa. Kodi haiingii kanisani na mpiga picha. Na kama si kodi, ni mshahara halali wa kiongozi, basi muumini ana haki ya kuuliza inakuwaje mshahara unatosha kutoa mamilioni kila Jumapili. Haya ni maswali ya kawaida, lakini jaribu kuyauliza kanisani wiki moja baada ya mabati mapya kupigwa misumari.

Jinsi mambo yanavyokwenda, kila mtu wa kijijini anajua. Siku ya Ijumaa msaidizi wa mheshimiwa anampigia mchungaji simu. Jumapili viti vya mbele vinaachwa wazi, na mama aliyewahi mapema anaombwa arudi nyuma. Ibada inasubiri, kisha inaharakishwa. Mheshimiwa anaombwa "asalimie tu", na salamu inachukua dakika arobaini, nusu yake ikiwa ni matusi kwa mpinzani wake. Bahasha inatolewa, kiasi kinatangazwa, vigelegele vinapigwa. Mahubiri ya siku hiyo hakuna anayeyakumbuka.

Wengi hulalamikia zile dakika arobaini. Sisi tunaona hasara kubwa iko kwingine, na haionekani siku hiyo. Inaonekana miezi sita baadaye, kamati inapoitisha mchango wa milango na waumini wananyamaza. Kila mmoja anafikiri: si tumngoje mheshimiwa? Mama aliyekuwa akileta shilingi hamsini na bakuli la mahindi anaona hamsini yake ni kichekesho mbele ya laki tatu. Anaacha. Akiacha kutoa, polepole anaacha pia kuuliza pesa zinakwenda wapi, kwa maana utaulizaje hesabu ya kitu usichochangia? Kanisa linabaki na jengo zuri lisilo na wenyewe.

Kazi inayofanyika Alhamisi

Tukiwauliza watu kanisa lina faida gani kwao, wachache hutaja mahubiri. Hutaja siku waliyofiwa. Hutaja mama fulani wa kikundi aliyelala nao hospitalini, au watu waliokuja kulima shamba mume alipovunjika mguu. Hayo mengi hayafanyiki Jumapili. Hufanyika Alhamisi jioni, au siku yoyote ambayo kikundi kimechagua.

Kwa Wakatoliki kikundi hicho kinaitwa jumuia. Hakikuja kwa bahati. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliamua kwamba jumuia ndogo ndogo za Kikristo ndizo zitakuwa njia yao kuu ya kuendesha kanisa katika eneo hili. Walikuwa wameona kwamba parokia ni kubwa mno. Padre mmoja, vigango kumi na viwili, waumini maelfu: mtu anaweza kuugua, akafa na akazikwa bila padre kumjua jina. Jumuia ni nyumba chache za jirani, zinazokutana nyumbani kwa mmoja wao kila wiki. Wanasoma Injili, wanaongea kuhusu yanayowapata, wanaombea wagonjwa, kisha wanapanga nani aende kumwona nani. Wakati wa Kwaresima husoma kijitabu cha kampeni ya maaskofu, ambacho huzungumzia mambo kama ufisadi, ardhi, mazingira na uchaguzi.

Makanisa mengine yana majina yao. Waanglikana wana Mothers' Union na KAMA ya wanaume. PCEA wana Woman's Guild. Waadventista wana Dorcas. Makanisa ya Kipentekoste yana ushirika wa nyumbani. Kazi inafanana. Mtu anafiwa saa nane usiku, na kabla jua halijachomoza kuna kuni, kuna sufuria, kuna mtu wa kwenda kwa chifu kuchukua kibali cha mazishi. Hakuna mheshimiwa aliyepigiwa simu.

Hatusemi jumuia zote ni nzuri. Ziko ambazo zimegeuka kuwa chama cha kukusanya ada. Kuna sehemu ambako daftari la michango linasomwa kwa sauti, jina baada ya jina, na asiyetoa anaaibika mbele ya wote. Ziko familia zilizowekewa vikwazo vya mazishi kwa sababu marehemu alikuwa na deni la michango. Mjane anayeishi kwa vibarua hupata ugumu kuelewa tofauti kati ya kundi hilo na wale wa mikopo ya simu. Wanaume nao wengi hawaonekani. Nenda jumuia yoyote uhesabu: akina mama kumi na wanne, wanaume wawili, na mmoja wao ni katekista. Vijana wanaona ni mambo ya nyanya zao.

Lakini hata ikiwa na kasoro hizo, humo ndimo mtu anajulikana kwa jina. Na shilingi hamsini ya mama humo bado ina uzito, kwa sababu yeye yupo inapohesabiwa.

Hospitali nazo ni kanisa

Kuna upande mwingine ambao hatuwezi kuupita. Tenwek kule Bomet, Kijabe, Chogoria, Maua: hospitali hizi zilianzishwa na makanisa, na hadi leo ziko mahali ambapo bila hizo mgonjwa angesafiri siku nzima. Hapa pesa za serikali haziepukiki, kwa kuwa serikali ndiyo inayowalipia wagonjwa kupitia bima. NHIF ilipofungwa na SHA kuanza tarehe 1 Oktoba 2024, hospitali za makanisa zilikuwa zinadai mabilioni ya shilingi ya huduma ambazo tayari zilishatolewa.

Maaskofu Wakatoliki walilizungumzia deni hilo kwa ukali katika taarifa yao ya Novemba 2024, siku chache tu kabla ya ile Jumapili ya Soweto. Wakubwa serikalini walikasirika. Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja, utaona kwa nini bahasha ile ilikuwa nzito kuliko pesa zilizokuwa ndani. Askofu anayedai serikali ilipe deni la wagonjwa, akipokea zawadi binafsi ya mkubwa wa serikali hiyo hiyo, atadai kwa sauti gani wiki ijayo? Deni la hospitali ni haki yenye risiti. Zawadi haina risiti, ina kumbukumbu tu.

Kundi linalofunga mlango

Tukisifu jumuia bila kutaja Shakahola tutakuwa tumedanganya. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako wafuasi wa mhubiri Paul Nthenge Mackenzie wa Good News International Church walikuwa wamehamia. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watoto ikiwa mingi. Upande wa mashtaka unasema waliambiwa wafunge bila kula ili wakutane na Yesu. Mackenzie amekana mashtaka, na kesi ziko mahakamani. Mwaka 2025 miili mingine ilipatikana Kwa Binzaro, papo hapo Kilifi.

Watu wa Shakahola nao walikuwa na jumuia, tena imara kuliko zetu. Waliishi pamoja, walishirikiana kila kitu. Tofauti ilikuwa kwenye mlango. Kwanza watoto walitolewa shule. Kisha wagonjwa walikatazwa hospitali. Kisha wakauza mali, wakaacha kupokea simu za ndugu, mwisho wakahamia mahali ambapo jirani hawezi kuwaona. Hayo hayakutokea kwa siku moja. Mhubiri huyo alikuwa amewahi kukamatwa mara kadhaa tangu 2017, na hata Machi 2023 alifikishwa kortini kuhusu vifo vya watoto wawili akaachiliwa kwa dhamana. Ndugu wa waliopotea ndio waliozunguka vituo vya polisi wakiomba msaada.

Mahubiri yake yalifika mbali kwa televisheni na mtandao. Hapa tuseme jambo linalotuhusu watu wa utangazaji: vituo vingi nchini huuza muda wa hewani kwa wahubiri, na anayelipa ndiye anayesema. Mjadala wa kanisa na pesa hauishii kwa mchungaji.

Baada ya Shakahola, Rais aliunda jopo lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi. Jopo lilikabidhi ripoti Julai 2024 likipendekeza sheria ya kusimamia mashirika ya dini. Wapo viongozi wa makanisa wanaoogopa kwamba serikali itapata kamba ya kuwafunga wanaoikosoa, na Katiba inalinda uhuru wa kuabudu. Woga huo una msingi. Wanaangalia Rwanda, ambako sheria ya 2018 inamtaka mchungaji awe na shahada ya theolojia, na maelfu ya makanisa yamefungwa, mengine kwa sababu ya choo au ukosefu wa kuzuia kelele. Kwa mawazo yetu, sheria ya usajili na ya kuweka hesabu wazi inahitajika, na kanisa lisilo na cha kuficha halitaumia. Shahada ni jambo jingine. Wazee wengi waliobeba makanisa yetu vijijini kwa miaka hamsini hawakuwahi kukaa chuoni, na mtu mwenye shahada anaweza kupoteza watu vilevile.

Hata hivyo hakuna afisa wa usajili atakayejua kwamba mtoto wa jirani hajaonekana shuleni wiki tatu. Mwenye kujua ni yule aliyezoea kupita hapo kila Alhamisi.

Kuelekea Agosti 2027

Uchaguzi Mkuu ujao ni Agosti 2027. Magari ya waheshimiwa tayari yameanza kuzoea njia za makanisani. Kamati ya kanisa inayongoja hadi Jumapili hiyo ifike ndipo ijadili itafanya nini, imeshachelewa, kwa sababu mgeni akishaketi mbele, hakuna Mkenya atakayemwaibisha.

Ziko njia ambazo makanisa mengine yamejaribu, na zote zinaweza kuamuliwa sasa na kuandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Mgeni aketi popote apatapo nafasi, kama wengine. Hakuna salamu ndani ya ibada. Anayetaka kusema aseme nje baada ya baraka, na anayetaka kusikiliza abaki. Sadaka yake iingie kwenye kikapu kile kile bila kiasi kutangazwa, au ipite kwenye nambari ya M-Pesa ya kanisa ili iwe na rekodi. Zawadi yoyote inayozidi kiwango fulani ipelekwe kwanza kwa kamati, si kwa mchungaji peke yake, na kamati iwe na ruhusa ya kukataa. Hesabu ya kila robo mwaka ibandikwe mlangoni, na jina la kila mfadhili wa nje liwemo.

Gharama ipo, tusifichane. Kanisa litakalofanya hivi huenda likakaa na msingi wenye nyasi miaka mitatu zaidi, wakati la jirani linapigwa rangi. Mchungaji atalaumiwa. Vijana wa kwaya watataka kujua kwa nini wenzao wana sare mpya. Kamati iwaambie mapema, kwa uwazi, na iwape pia kazi: kuhesabu, kupiga mnada kuku, kufyatua matofali likizo ya Agosti.

Wiki tatu zijazo tutalizungumza jambo hili katika kipindi cha Jumamosi asubuhi. Kama kanisa lenu lina kanuni kuhusu wageni na michango, au kama mliwahi kurudisha pesa za mtu, tutumieni ujumbe mfupi mkieleza mlivyofanya na kilichofuata. Tutausoma hewani bila kutaja jina la kanisa wala la aliyerudishiwa.